Gesi inayotoka, pH inayopanda: maneno kwa watunza pisini wa Goma

(Maneno haya niliyasema hapa Goma mbele ya watunza mabwawa ya kuogelea, mafundi bomba na wasimamizi wa hoteli. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni.)

Jambo yenu wote. Aksanti kwa kuacha kazi za asubuhi na kuja. Naona chupa zimejaa mezani na nimefurahi: niliomba kila mmoja aje na nusu lita ya maji ya pisini yake, na karibu wote mmeleta. Ziacheni hapo kivulini, tutazifikia.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa pisini ya chumvi niitunze, ile ambayo mashine inaitengenezea klorini kutoka kwenye chumvi iliyotiwa majini, nilikuwa namaliza bidoni moja ya asidi kabla ya nyingine kufika. Saa 12 asubuhi napima maji: rangi imekolea, nyekundu ya waridi, pH 8.2. Nachukua asidi, nazunguka hadi upande wa kina kirefu, namimina. Jioni napima tena: 7.4, rangi ya chungwa nzuri. Narudi nyumbani roho imetulia. Keshokutwa asubuhi, 8.2. Nilikaa hivyo miezi minne. Tajiri aliyeniajiri akaanza kushuku kwamba asidi yake naiuza mjini, na sikuwa na jibu la kumpa, maana mimi mwenyewe sikujua inakwenda wapi.

Nilikuja kujua baadaye, na hicho ndicho kilichonileta mbele yenu. Asidi haikupotea. Kila nilipoimwaga ilifanya kazi yake yote. Kilichokuwa kinapandisha pH ni gesi, inatoka majini usiku na mchana, na mimi kwa mikono yangu ndiye niliyekuwa nailisha.

Kwa wale walioanza kazi juzi, nieleze kwanza pH ni nini. Ni kipimo cha asidi iliyomo majini. Kilibuniwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Saba ni katikati. Chini yake maji yana asidi, juu yake yana alkali, kama maji ya magadi au ya majivu. La kushika ni kwamba hatua moja ni mara kumi: maji ya 8.2 yana asidi pungufu mara kumi kuliko maji ya 7.2. Kwa hiyo msione 8.2 na 7.2 kama majirani. Shirika la Afya Duniani linataka bwawa la klorini likae kati ya 7.2 na 7.8.

Na ikiwa 8.2, nani ameumia? Mgeni anatoka macho mekundu, ngozi inamkaza, anadhani klorini imezidi. Mara nyingi haijazidi, imelala. Klorini ikiingia majini inajigawa sura mbili. Ya kwanza ni asidi ya hipoklorasi, hiyo ndiyo inayoua vijidudu haraka. Ya pili ni hipokloriti, na hiyo ni nzito wa kazi. Anayegawa ni pH. Kwenye 7.5 zinakaribia nusu kwa nusu. Kwenye 8 yenye nguvu imebaki robo tu. Kwenye 8.5 imebaki moja katika kumi. Kipimo chako cha klorini hakikuambii hayo, kinazihesabu zote pamoja. Bwawa lenye dawa ya kukinga jua, ile asidi ya sianuriki, tofauti hiyo inapungua, lakini haiishi.

Mji huu hauhitaji kufundishwa maana ya maji yenye vijidudu. Wenye umri wangu wanaikumbuka Julai ya 1994, kipindupindu kilivyofagia watu waliokuwa wakinywa maji ya ziwa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya karibu 9. Kwenye 9, katika kila sehemu 100 za klorini unayotia, zenye nguvu ni kama 3. Ndiyo maana ndoo ya maji ya ziwa inadai klorini zaidi na kusubiriwa zaidi kuliko ndoo ya mvua. Nayasema haya kwa sababu wengi wenu mkitoka pisini ya tajiri mnarudi nyumbani kwenye bidoni zilizotekwa ziwani. Elimu ya pisini itawafaa na kule.

Sasa tuingie kwenye mashine ya chumvi, elektrolizeri. Ndani ya seli yake kuna mabamba ya titani. Umeme ukipita katika maji ya chumvi, bamba moja linatoa klorini. Bamba la pili linatoa gesi ya haidrojeni na kuacha alkali. Hapo fundi wengi husema: basi, alkali hiyo ndiyo inayopandisha pH. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini hesabu haikubali. Klorini ikiyeyuka inazaa asidi, na ikishamaliza kazi, iwe imeua vijidudu au imechomwa na jua, inaacha asidi nyingine tena. Ukijumlisha mwanzo hadi mwisho, alkali na asidi zinafutana karibu kabisa.

Basi inapandaje?

Mnayajua mazuku. Hakuna mtoto aliyekulia upande wa Himbi au kandokando ya ziwa ambaye hakuonywa: usishuke kwenye lile shimo la mawe ya volkano alfajiri. Mbuzi anashuka, hatoki. Gesi ile haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, inatulia bondeni kama maji yanavyotulia. Jina lake ni kaboni dioksidi. Gesi hiyo hiyo imo katika kila pisini, kidogo, imeyeyuka kama ilivyo ndani ya chupa ya Fanta, na ikiwa imeyeyuka inafanya kazi ya asidi. Ikitoka, asidi imetoka. pH inapanda na hakuna mtu aliyemwaga chochote.

Ukitaka Fanta iishe gesi upesi, unafanya nini? Unaitikisa. Na pisini ya chumvi inatikiswa mchana kutwa. Vile vipovu vidogo vya haidrojeni vinavyotoka kwenye seli, ule ukungu mweupe mnaouona mdomoni mwa bomba la kurudishia maji, kila kipovu kinabeba kaboni dioksidi kikipanda. Ongeza maporomoko ya mawe meusi ambayo hoteli zetu zinayapenda sana. Ongeza bomba lililoelekezwa juu mpaka linachemsha uso wa maji. Ongeza watoto 20 wa Jumapili.

Lakini Fanta iliyoachwa wazi hatimaye inaisha gesi, na pisini yangu haikuisha. Kwa nini? Kwa sababu ina ghala. Ghala hilo linaitwa alkaliniti: ni bikaboneti iliyomo majini, tunaipima kwa milligramu kwa lita. Unapomwaga asidi, asidi inashika bikaboneti na kuigeuza kaboni dioksidi. pH inashuka, unafurahi. Kisha gesi uliyoitengeneza wewe mwenyewe inapaa, pH inarudi juu, na ghala bado limejaa likikungoja na bidoni nyingine. Asidi yangu ya miezi minne ilikwenda huko. Niliigeuza kuwa gesi, upepo wa ziwa ukaichukua.

Na kosa langu kubwa lilikuwa hili. Kijitabu nilichopewa kilisema alkaliniti iwe 100 hadi 120. Kila ilipopungua nikaongeza bikaboneti, kilo kwa kilo. Huku natoa, huku natia. Kumbe kipimo kile kimewekwa kwa mabwawa yanayotumia vidonge vya klorini vyenye asidi ndani yake, ambavyo vinakula alkaliniti kila siku. Bwawa la chumvi haliko hivyo. Linataka 60 hadi 80, na lenye maporomoko linaweza kukaa vizuri hata karibu na 60. Kwa pH ile ile, maji yenye alkaliniti 160 yana kaboni dioksidi mara mbili ya maji yenye 80. Kila kinachozidi kwenye ghala ni safari moja zaidi ya kununua asidi.

Kosa la pili lilikuwa kuikimbiza 7.2 kama ndiyo alama ya ufundi. Maji ya 7.2 yana kaboni dioksidi mara nne ya maji ya 7.8 yenye alkaliniti sawa, kwa hiyo yanaitoa kwa haraka zaidi. Ukiisukuma chini sana, inaruka. Siku hizi naiachia ipande taratibu hadi 7.8, naishusha mpaka 7.6 au 7.5, naiacha. Macho ya mgeni hayalalamiki, na asidi imepungua kuliko nilivyodhani inawezekana.

Niwaonyeshe nilivyoligundua ghala letu la Goma, kwa sababu vitabu vya Ulaya havilijui. Kupima alkaliniti kwa matone ni hivi: unachukua maji mililita 25 kwenye kikombe, unatia matone 2 ya dawa ya kuua klorini, kisha matone 5 ya rangi. Maji yanakuwa kijani. Halafu unadondosha ile asidi ya kupimia, tone, unatikisa, tone, unatikisa, ukihesabu, mpaka kijani kigeuke chekundu. Kila tone ni 10. Bwawa zuri la chumvi linageuka kwenye tone la 7. Siku moja nilichukua maji ya ziwa yenyewe, nimeyateka na kikombe hicho hicho pale gatini. Tone la 10, kijani. La 20, kijani. Nikadhani dawa imeharibika. La 40, kijani kilekile cha jani la muhogo. Kikombe kikaanza kujaa. Kiligeuka baada ya kupita 60.

Zaidi ya 600, ndugu zangu. Hayo ndiyo maji tunayojazia pisini, yawe yamekuja kwa bomba, maana bomba la mji huu nalo linavuta ziwani, au kwa gari la tangi. Ziwa Kivu ni pisini kubwa kuliko zote, na linafanya hasa yale pisini zetu zinayofanya. Chini kabisa, karibu mita 485, limebana kaboni dioksidi nyingi kupita kiasi, na maji ya huko yana asidi, pH yake iko chini ya 7. Juu, ambako gesi imepata njia ya kutoka, pH ni 9. Maji ya ziwa moja, na tofauti hiyo ya pH inaletwa hasa na gesi. Na lile gamba jeupe gumu lililoganda kwenye mawe ya ufukweni, mnalolikwangua miguuni mkiogelea, ni chokaa iliyoganda kwa sababu hiyo hiyo. Mtaliona tena ndani ya seli ya mashine.

Tupige hesabu ya bwawa la mita za ujazo 50. Likijazwa maji ya ziwa yenye alkaliniti 650, kulishusha hadi 80 kunataka karibu lita 58 za asidi ya kloridriki ya asilimia 31. Si nusu lita mbili tatu. Lita 58! Mtu asiyejua hilo atamwaga miaka, na kila mwezi atalaumiwa. Na kila ukijazia maji yaliyokauka kwa jua, unaongeza ghala, kwa sababu yanayokwenda na jua ni maji peke yake, alkaliniti inabaki. Sentimita 10 za maji ya ziwa kwenye bwawa la kina cha mita 1.5 zinapandisha alkaliniti kwa zaidi ya 40.

Kwa hiyo dawa ya kwanza si asidi, ni mvua. Mvua haina alkaliniti ya maana, na moshi wa volkano ya Nyiragongo mara nyingi unaipa asidi kidogo juu yake. Sehemu 1 ya maji ya ziwa na sehemu 7 za mvua zinakupa karibu 80, bila kufungua bidoni. Najua si kila hoteli ina matangi ya kutosha kujaza bwawa zima. Lakini paa kila hoteli inalo, na maji ya kujazia tu, yale ya kila wiki, tangi moja au mawili yanatosha. Nawasihi wasimamizi mliopo hapa: mkijenga, wekeni mifereji ya paa na tangi kabla ya kuagiza maporomoko. Acheni mvua ya kwanza ioshe paa, majivu na vumbi viende, ndipo mkinge.

Kama bwawa limeshajaa maji ya ziwa, mnashusha hivi. Mnatia asidi mpaka pH ifike 7.0 au 7.2, si chini ya hapo. Kisha mnayatikisa maji kwa makusudi: maporomoko yafunguliwe, bomba lielekezwe juu. Sasa yale maporomoko yaliyokuwa adui yanakuwa mfanyakazi. Gesi inatoka, pH inapanda yenyewe, alkaliniti haipandi nayo. pH ikifika 7.6, asidi tena. Mzunguko baada ya mzunguko, siku kadhaa, kwa maji ya ziwa hata wiki kadhaa. Mkifika 70 au 80, fungeni maporomoko, elekezeni bomba chini kidogo, na muangalie. Mtakaa siku nyingi bila kuinua bidoni.

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Hizo lita 58 kwenye mita za ujazo 50 zinafukuza zaidi ya kilo 20 za kaboni dioksidi. Mnajua inavyokaa. Asubuhi isiyo na upepo, bwawa lililo chini ya ukuta, maji yameshuka kidogo chini ya ukingo: hapo mnatengeneza mazuku kwa mikono yenu. Fanyeni kazi hiyo mchana, upepo ukivuma, bila mwogeleaji hata mmoja, na kijana wenu asiinamie maji kusugua vigae wakati gesi inatoka. Pisini iliyo ndani ya jengo, fungueni milango yote, na mtie asidi kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mtoto hapaswi kuingia mpaka mmemaliza.

Na asidi yenyewe. Nimemwona kijana wa kazi, kwenye bwawa moja nililokuwa nikienda kutengeneza pampu, akimimina asidi kwenye ndoo iliyokuwa imebaki unga wa klorini chini. Hakuambiwa. Ilitoka hewa ya njano ya kijani, akaanguka magoti akikohoa, tukamburuta hadi barabarani. Alipona, lakini wiki tatu alikuwa anahema kama mzee, na siku tatu za kwanza hakulipwa kwa sababu hakwenda kazini. Jambo lile linaniuma mpaka leo. Ndoo ya asidi iwe ya asidi tu, iandikwe kwa rangi, isikae chumba kimoja na klorini. Asidi inatiwa ndani ya maji, maji hayatiwi ndani ya asidi. Glavu, miwani, upepo uwe mgongoni. Pampu iwe inazunguka, umimine taratibu mbele ya bomba la kurudishia, kisha usubiri angalau nusu saa kabla ya kupima. Kwa bwawa la mita za ujazo 50 lenye alkaliniti ya kawaida, kutoka 8.0 hadi 7.5 ni kama nusu lita hadi robo tatu ya lita. Anza na nusu ya hiyo. Msimamizi asiyeweza kumnunulia mfanyakazi glavu na miwani asimtume kununua asidi.

Kuna wanaotumia asidi ya betri kwa sababu iko kila kona. Inashusha pH, kweli, lakini inaacha salfeti, na salfeti inakula saruji ya bwawa na kufupisha maisha ya mabamba. Tumieni kloridriki. Inachoacha ni kloridi, ambayo ni nusu ya chumvi mnayoihitaji.

Jua nalo tulitaje. Tuko chini kidogo ya ikweta, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na jua la huku linachoma kuliko watu wa bondeni wanavyodhani. Klorini isiyokingwa, nusu yake inapotea kabla saa moja haijaisha kukiwa na jua kali. Mashine inakimbizana na jua, saa nyingi zaidi, vipovu vingi zaidi, pH juu zaidi. Ukiweka dawa ya kukinga jua kati ya milligramu 60 na 80 kwa lita, mashine inafanya kazi saa chache na pH inatulia. Ni jambo dogo na linaponya mambo mawili. Bwawa jipya la saruji, mpeni mwenye nyumba habari mapema: saruji changa inatoa alkali miezi mingi, na mwaka wa kwanza asidi itakwenda zaidi hata mkifanya kila kitu sawa.

Seli. Ifungueni kila mwezi muitazame kwenye mwanga. Mabamba yakiwa safi mnaona kijivu kilichokolea. Yakiwa na ukoko mweupe kama wa sufuria ya chai, pH ilikuwa juu kwa muda mrefu, kwani chokaa inaganda kwanza pale pale kwenye bamba lenye alkali. Msikwangue kwa kisu. Nimeua seli moja hivyo, nikakwangua na ile rangi nyeusi ya thamani iliyopakwa juu ya titani. Siki kwa saa chache, au asidi sehemu 1 katika sehemu 10 za maji, dakika chache tu mpaka vipovu vikome. Na vile vipovu, mmeshajua ni gesi gani.

Kuhusu vipimo vyenyewe, jambo moja. Ile rangi ya fenoli tunayopimia pH inaishia 8.2. Haipandi zaidi ya hapo. Mkiona 8.2, someni "8.2 au zaidi", mimi miezi minne sikujua kwamba baadhi ya asubuhi zile pengine ilikuwa karibu na 9. Na mkipima mara baada ya kutia klorini nyingi, rangi inageuka zambarau na kuwadanganya. Ngojeni ishuke. Matone yakae kivulini, si kwenye dirisha la chumba cha pampu.

Mzee mmoja ameniuliza mlangoni: kama chumvi inaleta taabu hizi zote, kwa nini tusirudi kwenye klorini ya unga? Mzee wangu, swali lako nimelibeba tangu asubuhi. Hata unga ule, ile kalsiamu hipokloriti, nao una alkali yake, na juu yake unaongeza chokaa kila siku. Kwenye maji ya ziwa hautakuokoa. Chumvi unatia magunia 3 ya kilo 50 kwenye bwawa la mita za ujazo 50, mara moja, na unaongeza kidogo tu yanapomwagika maji. Barabara ikifungwa wiki mbili na klorini isifike mjini, mwenye mashine ya chumvi na umeme bado anawalinda waogeleaji wake. Kwa mji wetu hilo si jambo dogo. Ghala likishushwa, taabu nyingi unayoisema inakwisha nalo.

Basi, tupime. Mama uliyekaa karibu na dirisha, chupa yako ndiyo niliyoiona ya kwanza, na umesema ni ya tangi la ziwa. Nimetia matone 5, tazameni, kijani. Vijana njooni karibu. Mhesabu kwa sauti, nisije nikapotea katikati. Moja.